Wasomaji Wanauliza: Mgongo wa Mrushaji wa Kasi

Barua tulizochagua safari hii zote zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na zote zinauliza kuhusu kriketi, hasa kazi ya mrushaji wa kasi. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu humo ndimo vijana wengi wanapopotelea.

Niko kidato cha tatu hapa Uyole, nina miaka 16. Shuleni hakuna anayerusha kwa kasi kunishinda, na ndoto yangu ni kuichezea Tanzania. Kaka anayetufundisha anasema nirushe kila siku, asubuhi na jioni, ili kasi iongezeke. Nimfuate?

Hapana, mdogo wetu. Kwa hilo usimfuate, hata kama nia yake ni njema.

Mguu wa mbele unapotua, ardhi inaurudishia mwili nguvu inayofika mara 5 hadi 8 ya uzito wako. Wakati huohuo kiuno kinapinda ubavuni, kinarudi nyuma na kujizungusha. Mzigo wote huo unaangukia pingili mbili za chini za kiuno, ya 4 na ya 5. Mfupa wa hapo huchoka kama waya unaokunjwa na kunyooshwa: huoni kitu, huoni kitu, kisha ufa. Kwa umri wako mfupa huo bado haujakomaa, na utaendelea kukomaa hadi uvuke miaka 20.

Tazama yaliyomkuta Pat Cummins wa Australia. Aliingia mechi ya Test, ile ndefu ya kimataifa ya siku 5, mjini Johannesburg mwaka 2011 akiwa na miaka 18, akachukua wiketi 6, yaani akawatoa wapigaji 6, kwa mikimbio (alama) 79 katika zamu ya pili. Test yake iliyofuata aliicheza mwaka 2017. Kilichomweka nje muda mrefu hivyo ni majeraha, mgongo ukiwa mbele. Dennis Lillee, naye wa Australia, mgongo ulipasuka mwaka 1973, akajijenga upya kwa mazoezi, akarudi na kumaliza akiwa na wiketi 355 za Test. Hao walikuwa na madaktari na watu wa viungo karibu. Wewe una daftari, basi litumie.

Andika kila mpira unaorusha kwa nguvu, wa mazoezi na wa mechi. Mwongozo uliotumika England kwa miaka mingi unampa kijana wa miaka 16 ova 7 kwa mfululizo na ova 18 kwa siku, asirushe zaidi ya siku 4 katika siku 7, wala zaidi ya siku 2 mfululizo. Ova ni mipira 6, kwa hiyo mfululizo mmoja ni mipira 42. Kwa mazoezi, sisi tunakushauri mipira 36 kwa kipindi, vipindi 3 kwa wiki, basi.

Kuna mtego mwingine, nao unaumiza zaidi ya wingi wenyewe: kuruka ghafla kutoka kidogo hadi kingi. Mwanafunzi anapumzika mwezi mzima wa mitihani, kisha mashindano ya wikiendi yanamkuta anarusha ova 20. Ukitoka mapumzikoni anza na mipira 40 kwa wiki, uongeze 15 hadi 20 kila wiki.

Na kasi unayoitaka? Itafute nje ya pichi, ule ukanda wa kurushia. Mbio za meta 30 mara 6, ukipumzika dakika 2 katikati, siku 2 kwa wiki. Kuchuchumaa kwa mguu mmoja, mara 8 kila upande, seti 3, kwa sababu goti la mbele likikunjika wakati wa kutua, kasi yote ya mkimbio, yaani mbio zako za kuja kurusha, inamezwa na paja. Uyole mwezi wa Juni na Julai asubuhi ni baridi kali. Pasha mwili dakika 15 kamili, na mipira 6 ya kwanza irushe kwa nusu nguvu.

Mimi ni mwalimu wa michezo, Kihesa, Iringa. Vijana wangu wanakunja kiwiko kama wanaotupa jiwe, na mwamuzi anawapa mpira batili kila mara kwa kuvuka mstari. Nianzie wapi?

Mwalimu, anza na kiwiko. Sheria haidai mkono uwe umenyooka kama fimbo. Inachokataza ni kiwiko kunyooka katika sehemu ya mwisho ya mzunguko, kabla mpira haujatoka. Katika kriketi ya kimataifa, kuanzia mkono wa juu ufikapo usawa wa bega hadi mpira unapotoka, kiwiko kikinyooka zaidi ya nyuzi 15 ni kosa. Nyuzi hizo hupimwa maabara, lakini simu yenye video ya polepole, ikiwekwa ubavuni kisha nyuma ya mrushaji, itakuonyesha wanaotupa wazi.

Mrudishe kijana mwanzo. Asimame na mguu wa mbele umeshatua, mkono wa kurushia ukizunguka karibu na sikio, mipira 12. Kisha hatua moja, mipira 12. Kisha kutembea, kisha mkimbio mfupi wa hatua 5. Kiwiko kikirudi kukunjika, rudi ngazi moja nyuma. Wengi hukunja kwa sababu wanataka kasi kabla ya mpangilio.

Mstari wa mbele uko meta 1.22 mbele ya mstari wa stampu, vile vijiti vitatu. Sehemu fulani ya mguu wa mbele, hata kisigino kilicho hewani, lazima iwe nyuma yake. Mguu wa nyuma usiguse mstari wa pembeni. Kupima mkimbio, kijana aipe pichi mgongo: asimame kwenye mstari, akimbie kuelekea mpakani, na wewe uweke alama pale anaporuka kwa kawaida. Rudia mara 6, chukua katikati ya alama, pima kwa futi kamba. Hatua za miguu zinadanganya. Upepo wa nyuma au mteremko ukimvusha mstari, sogeza alama nyuma sentimeta 20 hadi 30. Usimwambie afupishe hatua, maana atapoteza mpangilio wote.

Jambo ambalo hukuuliza: tazama mabega na nyonga zake kutoka nyuma mguu wa nyuma unapotua. Vyote vielekee upande mmoja, iwe ni ubavu au mbele. Nyonga zikitazama mbele huku mabega yakiwa ubavuni, kisha mabega yakajizungusha kinyume, huo ndio mtindo mchanganyiko unaopasua migongo. Huo urekebishe mapema. Mitindo mingine ya ajabu iache: James Anderson wa England alirekebishwa akiwa kijana, mwaka 2006 mgongo ukapata ufa, akarudi kwenye mtindo wake na kumaliza mwaka 2024 akiwa na wiketi 704 za Test.

Mwanangu wa miaka 15 anarusha kwa mkono wa kulia. Wiki ya tatu sasa kiuno kinamuuma kushoto. Wenzake wanasema ni misuli. — Mama, Mafinga

Mama, asimamishe kurusha leo. Maumivu ya upande mmoja, upande ulio kinyume na mkono wa kurushia, kwa kijana anayerusha kwa kasi, yahesabiwe ni ufa wa mfupa hadi vipimo vikatae. Mwambie asimame kwa mguu wa kushoto na ajipinde nyuma taratibu, mara moja tu. Ikiuma palepale, shaka inaongezeka. Isipouma, bado apelekwe.

Mwelezeni daktari kwamba ni mrushaji wa kasi, maana asipojua atatoa dawa ya maumivu na kumrudisha uwanjani. Picha ya eksirei mara nyingi haionyeshi ufa mpya. MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, huuona mapema. Ulizeni kwanza hospitali ipi ya rufaa ina kipimo hicho kabla ya kulipa nauli. Ufa ukithibitika, asirushe kwa miezi kadhaa, mara nyingi 4 hadi 6 au zaidi, na arudi kwa ngazi. Maumivu huisha kabla mfupa haujaunga. Wengi hurudia kuumia kipindi hicho. Akipata ganzi, miguu kuishiwa nguvu au kushindwa kuzuia haja, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Hapa Mbeya mjini mpira mpya haupindi hewani kama tunavyoona kwenye televisheni. Tunakosea kushika?

Huenda mnashika vizuri kabisa. Mbeya iko takriban meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Mpira hupindishwa na hewa, kwa hiyo ikipungua, kupinda kunapungua. Johannesburg ni hivyohivyo, na warushaji wake huishi kwa mdundo.

Adui wenu wa pili ni mkeka unaotandikwa juu ya zege badala ya pichi ya nyasi. Unakwangua ngozi ya mpira pande zote ndani ya ova chache. Chagueni upande mmoja, mung'arishe kwa jasho na kitambaa tu; mate yalikatazwa moja kwa moja na Baraza la Kriketi la Kimataifa mwaka 2022. Upande wa pili ubaki mkavu.

Lengeni mshono utue wima. Kwenye nyasi urefu mzuri, yaani mahali pa kutulisha mpira, ni kama meta 6 hadi 8 kutoka stampu za mpigaji. Kwenye mkeka mpira huruka juu zaidi, hivyo mpira utue meta 1 zaidi kuelekea kwake. Kazeni mkeka kwa misumari kabla ya kila mchezo. Kunyanzi chini ya mguu wa kutua ni kifundo kilichoteguka, na mkeka ukiishia hapohapo mguu unapotua, ongezeni kipande. Viatu viwe vya soli ya mpira. Njumu za chuma juu ya zege huteleza.

Mimi ni msichana wa Njombe, miaka 17. Nafanya nini ili nionekane na timu ya taifa?

Kwanza fanyia mazoezi mpira sahihi: wa wanawake ni gramu 140 hadi 151, wakati wa wanaume ni karibu 156 hadi 163. Ukizoea ule mzito, bega linachoka na urefu wako unaharibika siku ya mechi.

Mechi nyingi za Tanzania ni za ova 20, ambapo mrushaji mmoja hupata ova 4 tu. Kwa hiyo mipira 24 ndiyo kipimo chako: mpira wa kutua miguuni pa mpigaji, mpira wa polepole usiobadilisha kasi ya mkono, na urefu mzuri unaorudiwa. Weka kiatu mbele ya stampu, rusha mipira 12, andika mingapi imetua ndani ya hatua moja ya kiatu hicho.

Kriketi ya Tanzania imejikita Dar es Salaam, kwenye viwanja kama Annadil Burhani na Gymkhana. Mwombe mwalimu wako akiandikie Chama cha Kriketi Tanzania, akiambatanisha umri wako, takwimu za mechi kutoka kitabu cha alama, na video mbili zisizokatwa za ova nzima: moja kutoka nyuma ya mwamuzi, moja kutoka ubavuni, usawa wa mstari wa kurushia.