Chombo Kinatoka Saa Ngapi?

Bi mmoja wa makamo nilimkuta gatini Amu, yaani Lamu, saa nane mchana, ameketi juu ya gunia la mchele, maji yamepwa hadi vyombo vimelala ubavu. Alipanda basi Mombasa alfajiri, akavuka Mokowe, anakwenda kisiwa cha Pate kwenye arusi ya mpwawe. Chombo kilikuwa kimeshaondoka na maji ya asubuhi. Mchukuzi mmoja, kwa nia njema tu, akamwambia kuwa mimi ndiye yule kijana anayeandika habari za visiwa.

"Ni wewe uliyeandika ile ya Pate?"

Nikaitikia huku nimeshaandaa uso wa kupokea sifa.

"Mwanangu, nimeisoma yote. Masultani wa Kinabahani nawajua wote sasa. Lakini chombo kinatoka saa ngapi hukusema."

Alilala kwa dada yangu mtaa wa Langoni. Mimi usiku ule sikulala vizuri. Makala ile niliifanyia kazi wiki mbili, na niliipenda kuliko zote. Ilikuwa na magofu, ilikuwa na hariri na dhahabu, ilikuwa na vita vya Shela. Watu waliniandikia "maashallah kaka, kalamu yako ina wino." Nikaanza kuwapitia mmoja mmoja waliosifu: rafiki niliyesoma naye, binamu yangu wa Jeddah, mwalimu wangu wa zamani, jamaa mmoja wa Nairobi ambaye husifu kila kitu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na safari ya Pate. Aliyekuwa na safari ndiye aliyekalia gunia la mchele.

Basi ukitaka kujua kama unachoandika kinamfaa mtu, usianze na wanaokusifu. Sifa nyingi ni adabu. Sisi watu wa pwani tumelelewa hivyo, mtu akikupa chai hata kama haina sukari utasema tamu. Tafuta yule aliyekusudia kulitumia andiko lako, umwulize lilimfikisha wapi. Swali ninalojiuliza siku hizi kabla ya kutoa kitu ni hili: msomaji akimaliza mstari wa mwisho, ataweza kufanya nini ambacho kabla ya hapo hakuweza? Nikikosa jibu, andiko naliweka kando. Si kwamba kila andiko liwe ratiba ya vyombo. Mtu akisoma akacheka siku yake ngumu ikapita, hiyo pia ni faida. Ila niijue mimi mwenyewe mapema, nisije nikamwuzia msafiri hadithi badala ya njia.

Niliirekebisha ile makala ya Pate. Nikaenda gatini, nikauliza, nikaandika kuwa chombo hutoka saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya kuitoa nikamsomea nahodha mmoja mzee anayekaa baraza ya jirani yetu. Hii nakushauri uifanye, tena kwa sauti, na mbele ya mtu anayelijua jambo kuliko wewe. Usimwulize kama ni nzuri. Mwangalie macho tu. Nilipokuwa kwenye masultani alikuwa anatazama punda wanaopita na mawe. Nilipofika kwenye saa ya chombo akageuka, akacheka mpaka akakohoa.

"Andika hivyo, na kesho kutwa utawalaza wengine gatini."

Akanieleza kama anayemwambia mtoto, ingawa mimi nimezaliwa hapa. Vyombo vya Pate hupita Mkanda, ule mkondo mwembamba wa mikoko kati ya Manda na bara, na maji yakipwa pale ni tope. Kwa hiyo safari hufuata maji kujaa, na maji kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Wiki moja baadaye, maji mafu, hujaa mnamo saa nne au saa tano. Saa moja ya kudumu haipo. Kinachoandikika ni namna ya kuihesabu: tazama tarehe ya mwezi mwandamo, kisha uliza gatini jioni ya kuamkia safari.

Hayo yakawa mistari sita. Masultani niliwaondoa wote, nikawabakisha kwenye makala yao wenyewe, huko watu wa historia watawakuta.

Toka hapo nikapata ugonjwa wa kufuta. Nilichukua makala yangu ya Maulidi ya Amu nikachora mstari juu ya kila sentensi ambayo mtu asiyewahi kukanyaga hapa angeweza kuiandika. Kwamba mji wa kale uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001: futa, kila mtu anayo. Kwamba vichochoro ni vyembamba: futa. Kwamba punda ni wengi: jamani. Katika kurasa tatu zilibaki sentensi nne, na iliyokuwa na uzito ni moja, ambayo niliitupia katikati ya aya kama jambo dogo: usije tarehe 12 ya Mfungo Sita (Rabiul Awwal) ukidhani umewahi, maana maulidi makubwa ya msikiti wa Riyadha huwa mwishoni mwa mwezi huo. Mgeni aliyelijua hilo hajapoteza nauli. Nikaipandisha juu kabisa.

Kuhusu hesabu ya wasomaji, nitakwambia ya paka na boriti. Niliandika kuhusu paka wa Amu, wale wembamba wenye shingo ndefu, ikafunguliwa mara zaidi ya 2,000. Nikaandika kuhusu miti ya mikoko inavyopangwa kwa unene, kuanzia fito nyembamba, pau, mazio, boriti, nguzo hadi banaa nene, na kila aina inafaa wapi katika dari na paa. Watu 38. Nilitaka kuifuta kwa aibu. Miezi miwili baadaye fundi mmoja wa Malindi akanipigia, alikuwa na dari ya nyumba ya zamani mkononi, na mwenye nyumba alitaka kumletea pau mahali pa boriti. Alimwonyesha makala, wakaelewana. Katika wale 2,000 wa paka, sijasikia hata mmoja aliyefanya lolote, isipokuwa mzungu aliyeuliza kama paka wanauzwa.

Mwana Kupona, mshairi mzaliwa wa Pate, alipotunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alikuwa na msomaji mmoja moyoni, bintiye Mwana Hashima. Hakuwa akihesabu. Mimi si Mwana Kupona, lakini nimechukua kwake tabia hiyo: kabla ya kuanza namchagua mtu mmoja ninayemjua sura, na mara nyingi ni yule bi wa gunia. Nikiona neno ambalo ningeona haya kumwambia usoni, nalitoa.

Jambo jingine, kwa ufupi. Andiko linaoza. Barabara ya kutoka Garsen kuja Amu ilipotiwa lami, saa zote za safari nilizokuwa nimeandika zikageuka uongo, na nauli ndiyo usiseme. Weka tarehe juu, na kila baada ya mwaka rudi usome kama mgeni. Ukiwa huna nafasi ya kurudi, usiandike bei.

Mwezi uliopita nilimpigia yule bi nikamsomea makala mpya ya Pate kwa simu, mistari yote, na tarehe za mwezi, na ushauri wa kuuliza gatini. Alinyamaza akisikiliza. Nikajua safari hii nimepata.

"Vizuri," akasema. "Na mwanamke akibanwa na haja katikati ya Mkanda, anafanyaje?"

Njia hiyo nimepita tangu utotoni, na sijawahi kujiuliza. Makala bado sijaitoa. Kesho nashuka gatini kuuliza, na nitamtuma dada yangu awaulize kina mama, maana mimi hawatanijibu.