Mbona mtangazaji anamkatiza mgeni? Maswali yenu kuhusu mahojiano ya redioni

SWALI: Napenda sana mahojiano ya siasa redioni ila kuna watangazaji wanamkatiza mgeni kila dakika mpaka nabadilisha stesheni. Hiyo ndo kumbana mtu au ni kukosa adabu tu?

JIBU: Inategemea amekatiza nini. Kama mgeni alikuwa anajibu swali kweli na akakatwa katikati, hapo umeibiwa wewe msikilizaji, jibu ulilokuwa unalisubiri limepotea hewani na halirudi tena. Lakini kama kaulizwa habari ya bajeti yeye anaanza kutueleza chama chake kilivyoanzishwa, akatizwe, tena mapema, maana dakika za kipindi zinahesabika na wanasiasa wanalijua hilo kuliko mtu yeyote, wanaongea polepole makusudi ili muda uishe.

Ila nikwambie, kinachombana mgeni hasa ni swali la pili. Lile la kwanza kajiandaa nalo toka nyumbani, jibu kalikariri. La pili linatoka ndani ya jibu lake mwenyewe na hapo hana pa kukimbilia. Nimekaa kwenye maiki miaka kadhaa na kosa ambalo mpaka leo linaniuma ni siku mgeni alitamka jambo zito kabisa, jambo la kusimamisha kipindi kizima, mimi macho yako kwenye karatasi natafuta swali namba tano, nikamsomea namba tano, likapita hivyo hivyo.

Katafute habari ya mahojiano ya tarehe 10 Novemba 2012 kwenye kipindi cha asubuhi cha BBC kinachoitwa Today. John Humphrys alikuwa anamhoji George Entwistle, mkurugenzi mkuu wa BBC yenyewe, yaani bosi wake. Shirika lilikuwa limerusha ripoti ya televisheni iliyomfanya mwanasiasa asiye na hatia ahusishwe na udhalilishaji wa watoto, na gazeti moja lilikuwa limeshaandika siku iliyotangulia kwamba huenda kuna makosa. Maswali yaliyomaliza kazi yalikuwa mepesi mno: ulijua? kuna mtu alikwambia? gazeti la jana ulilisoma? Na majibu yakawa hapana, hapana, hapana. Jioni ileile Entwistle akajiuzulu, alikuwa na siku 54 tu kazini. Hakuhitaji kutukanwa wala kufokewa, aliulizwa vitu ambavyo mtu yeyote mwenye redio yake jikoni angetaka kuviuliza.

SWALI: Mawakili wakialikwa redioni kila wakibanwa wanasema "kesi iko mahakamani siwezi kuongea". Ni sheria kweli au kisingizio?

JIBU: Vyote viwili vipo. Uingereza kwa mfano kuna sheria ya mwaka 1981 ya kudharau mahakama, kesi ya jinai ikishakuwa hai, na inaanza kuwa hai hata mtu akikamatwa tu, ukitangaza kitu chenye hatari kubwa ya kuharibu kesi hiyo kwa uzito unaweza kushtakiwa hata kama hukukusudia. Sababu yake inaeleweka, kule kesi kubwa za jinai zinaamuliwa na baraza la wazee wa mahakama ambao ni raia wa kawaida, nao asubuhi wanasikiliza redio kama wewe. Nchi nyingine zina sheria zao, zingine kali zingine legevu.

Lakini mtangazaji asikubali mlango ufungwe wote. Huwezi kumuuliza wakili kama mshtakiwa ana hatia, ila unaweza kumuuliza kosa hilo linathibitishwa kwa vitu gani, adhabu yake inaanzia wapi inaishia wapi, hatua inayofuata ni ipi na nani anaamua. Wakili anayekataa kujibu hata hayo, hapo ndo anajificha.

SWALI: Vipindi vya historia na falsafa vinanishinda, wasomi wanaongea wenyewe kwa wenyewe.

JIBU: Kosa sio lako. Mtangazaji kazi yake ni kukuwakilisha wewe. Melvyn Bragg alianza In Our Time pale BBC Radio 4 mwaka 1998, kwa kawaida wasomi watatu na mada moja, na akaiendesha zaidi ya miaka 25, na nilichompendea ni kwamba msomi akirukia mbali alikuwa anamrudisha: tuanzie mwanzo, huyu alikuwa nani, alizaliwa wapi. Hakuona aibu kuuliza kitu cha msingi.

SWALI: Naanza kipindi changu cha mahojiano na mgeni wa kwanza, mwanahistoria, anataka nimtumie maswali yote kabla. Nimpe?

JIBU: Mpe mada, usimpe maswali. Ukimpa maswali atakuja na majibu yameandikwa na atakusomea, na msikilizaji anajua mtu akisoma, sauti inakauka. Mwambie tutaongelea hiki na hiki, na kama kuna tarehe au takwimu unataka awe nazo mwambie hizo mapema, sio vizuri kumvizia mtu kwa tarehe. Halafu soma kitabu chake, chote, sio nyuma ya jalada. Studs Terkel alihoji watu kwenye redio ya WFMT ya Chicago miaka 45, 1952 mpaka 1997, na waandishi walikuwa wanashangaa akiwafungulia kitabu chao wenyewe kimejaa mistari na alama za kalamu, mtu akiona hivyo anafunguka mwenyewe. Na ile karatasi yako ya studio andika maneno matano sita tu, usiandike sentensi, ili macho yako yawe kwa mgeni.