Kabla hujaweka metali, ijue oksidi yako

Ukiingia kwenye kazi hii ya kutengeneza vielelezo vya vichocheo (vitu vinavyoharakisha mmenyuko wa kikemia), yaani chembe za metali juu ya oksidi safi ndani ya ombwe, pasipo na hewa, haraka yako yote itakuwa kwa metali. Mimi pia nilikuwa hivyo. Oksidi niliiona kama meza tu ya kuwekea paladiamu, metali yangu.

Fuwele yangu ya kwanza ya titania, yaani oksidi ya titani, iliingia kwenye chumba cha ombwe ikiwa angavu, yenye umanjano kwa mbali. Nikaipiga kwa ioni za agoni, nikaipasha moto, nikarudia. Raundi kadhaa baadaye ikawa ya buluu. Nikaamini nimeichafua, karibu niitupe! Kumbe ilikuwa inapoteza oksijeni, na ni upotevu huohuo ulioiwezesha kupitisha umeme wa kutosha kwa hadubini ya STM, inayochora uso kwa mkondo mdogo wa umeme. Ukiendelea, inakolea hadi kukaribia weusi, na uso wake nao hubadilika. Basi andika rangi kwenye daftari kila unapoisafisha, maana fuwele ileile miezi sita baadaye ni sampuli nyingine.

Na titania haitulii hata metali ikishakaa juu yake. Mwaka 1978 mkemia Tauster na wenzake waliripoti kuwa platini na jamaa zake juu ya titania, zikipashwa katika hidrojeni kwa nyuzi 500 za Selsiasi, karibu zinaacha kabisa kunasa hidrojeni na kaboni monoksidi kwenye uso wao. Baadaye ilionekana kwamba oksidi hupanda juu ya chembe na kuzifunika. Kwa hiyo chembe zako zikizubaa ghafla, usikimbilie kusema zimeungana na kuwa kubwa.

Alumina, yaani oksidi ya alumini, ina vituko vingine: nene haipitishi umeme, inajaa chaji, na vilele vya spektra (michoro ya vipimo inayoonyesha elementi zilizopo) vinahamahama. Wengi hutumia utando wa nusu nanomita hivi unaooteshwa juu ya aloi ya nikeli na alumini. Ni mzuri sana, ila muundo wake si wa alumina nene yoyote. Usiandike kana kwamba ni kitu kimoja.

Ushauri ninaousisitiza kuliko yote: fanya jaribio zima kwenye oksidi tupu kwanza. Joto lilelile, gesi ileile, muda uleule. Niliwahi kufurahia matokeo ya kaboni monoksidi kwa wiki mbili, shinikizo likiwa juu, kabla ya kujaribu bila paladiamu. Kilele cha nikeli kikajitokeza pale pasipo na nikeli yoyote. Mtungi wa chuma ulikuwa unanipa kabonili za nikeli (nikeli iliyoungana na kaboni monoksidi) pamoja na gesi, nazo zinavunjikia kwenye uso wenye moto. Siku hizi gesi hiyo inapita kwanza kwenye bomba la shaba lililopashwa moto, na wiki mbili zile nimezifuta kwenye daftari kwa mstari mmoja mwekundu.