Mbunge Anakuja Kijijini: Andaa Karatasi Kabla ya Ngoma

Bunge likishaahirishwa Dodoma, simu yangu ilikuwa haipumziki. Wenyeviti wa vijiji, watendaji, walimu wakuu, wazee wa kanisa, wote na swali moja: "Katibu, mheshimiwa anafika lini kwetu?" Nilikuwa katibu wa ofisi ya mbunge kwa miaka saba, kwenye jimbo moja la vijijini huku Nyanda za Juu Kusini. Kazi hiyo nimeshaiacha, lakini swali halijaniacha. Majirani bado wananiuliza, na siku hizi nawarudishia: akifika, mmeandaa kumpa nini?

Sizungumzii kuku wala mgolole. Hivyo huandaliwa vizuri sana. Nimeona vijiji vikifanya mazoezi ya ngoma na kwaya siku tatu mfululizo, na risala ikaandikwa na mwalimu mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Halafu risala yenyewe inakuwa na kero kumi na nne, kila moja sentensi moja: maji, barabara, umeme, mnara wa simu, zahanati, madawati, bei ya mbolea. Mheshimiwa anaipokea kwa mikono miwili, ananikabidhi, naiweka kwenye faili. Nikirudi ofisini nampigia mhandisi: "Kijiji fulani wana shida ya maji." Ananijibu, "Najua, katibu." Mazungumzo yameishia hapo, na hana kosa, maana sikumwambia kitu asichokijua.

Mbunge hana saruji wala greda. Barabara ya kwenda kitongojini kwenu iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, barabara kuu na za mkoa ziko TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, maji ya vijijini yako RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu 2019, shule ya msingi na zahanati ziko halmashauri. Alicho nacho mbunge ni uwezo wa kuuliza na kudai jibu. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na huku wilayani mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani. Kwa hiyo mtu wa namna hii mpe kitu cha kuulizia: mahali, tarehe, kiasi, na ofisi iliyopaswa kufanya. Ukimpa hivyo vinne, hata mkurugenzi mzito atatafuta jalada.

Jumatatu ilikuwa siku ya watu ofisini. Saa moja asubuhi benchi la nje limejaa. Wengi walikuja na shida za nyumbani: sare na daftari za watoto, nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya rufaa, jeneza. Siwasemi vibaya watu hao, nimewapisha kiti wengi wao nikijua wametembea tangu alfajiri, na shida ya leo haisubiri bajeti. Mheshimiwa alikuwa akitoa mfukoni mwake mpaka kufika saa nne hana kitu. Wapo waliokasirika wakidhani anazuia fedha za Mfuko wa Jimbo, na hapa naomba tuelewane vizuri. Mfuko huo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, hauko mkobani kwa mbunge. Fedha zinaingia kwenye akaunti ya halmashauri, kamati inakaa, mbunge ni mwenyekiti wake na afisa mipango ndiye katibu. Fedha ni za miradi ya jamii, miradi ambayo wananchi wameanza au wameiomba kupitia kata. Nyinyi mmepandisha boma la darasa kwa nguvu zenu na limekwama kwenye linta? Huo ndio mradi wenyewe. Ada ya mwanao haimo, hata mbunge awe na huruma kiasi gani.

Basi mkitaka mabati, msianzie kwa mbunge. Anzeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule unaopaswa kufanyika kila miezi mitatu, wenye kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea. Mkubaliane pale, iandikwe kwenye muhtasari, mahudhurio yaambatanishwe, mtendaji agonge muhuri. Upelekwe kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kwa diwani. Mbunge akifika mkononi mna nakala ya muhtasari huo. Nimekaa kwenye vikao vya mfuko: kijiji chenye muhtasari na picha ya boma kinapita, kijiji chenye kilio kitupu kinaambiwa kisubiri awamu nyingine. Inauma, hasa pale unapojua kwamba hao wa pili ndio wenye shida zaidi.

Jumanne tunaanza kata. Vijiji vitatu kwa siku, na mvua ikiwa imenyesha vinakuwa viwili, maana kwenye udongo mwekundu wa huku gari linaenda kiubavu. Kila kijiji kinapata kama saa moja na nusu, na nusu ya muda huo inamezwa na itifaki. Ndiyo maana nasisitiza maandalizi.

Kuna mkutano mmoja sitausahau. Kijiji kina maji ya mserereko kutoka mlimani, vilula (vituo vya kuchotea maji) kumi na kitu, lakini kitongoji cha mwisho kilikuwa hakipati maji ya uhakika. Watu watano walishasimama na kusema maneno yale yale, wengine kwa ukali. Kisha akasimama mama mmoja, amebeba mtoto mgongoni, ameshika daftari la shule la mistari lililokunjika pembe. Alisema shikamoo kwa wazee, akafungua daftari, akaanza kusoma. Tarehe, kilula kipi, maji yametoka saa ngapi, yamekatika saa ngapi, ndoo ngapi zimejaa. Alikuwa ameandika kila siku kwa wiki tisa. Watu wakanyamaza kabisa. Mhandisi tuliyefuatana naye akaliomba daftari, akapitisha kidole kwenye ukurasa, akasema kwa sauti ya chini, "Yanatoka usiku tu." Akaelewa. Maji yakifika usiku, vilula vya juu vikiwa vimefungwa, maana yake chanzo hakijakauka. Maji yanapotea njiani na yanayobaki mchana yanaishia juu. Kesho yake fundi wa jumuiya ya watumia maji alilifuata bomba tangu kwenye banio, pale maji yanapochukuliwa mlimani, akakuta pale linapovuka kijito udongo umechukuliwa na mvua, bomba liko wazi, ng'ombe wamelikanyaga mpaka likapasuka kwenye kiungio. Lilitengenezwa kabla ya wiki kuisha.

Maneno ya wale watano yalikuwa ya kweli tupu. Lakini daftari la shilingi mia chache ndilo lililofungua mlango. Kama kijijini kwenu dawa zinaisha zahanati, andikeni tarehe na dawa gani. Kama barabara inakatika, andikeni magari yalikwama lini na mjamzito gani alibebwa kwa machela, kutoka wapi mpaka wapi. Chagueni watu wawili wa kusema, mmoja wao awe mama, kwa sababu ndiye anayejua kisima kina kina gani. Kero mbili zenye uzito zinatosha kwa ziara moja. Nyingine ziandikeni, mzikabidhi.

Kuna jambo la fedha za kijiji ambalo huharibu mikutano mingi. Mtu anasimama, anamwita mtendaji mwizi mbele ya mheshimiwa, watu wanashangilia, na mkutano umekwisha bila kupata chochote. Kama mna wasiwasi, ombeni taarifa ya mapato na matumizi. Kusomewa taarifa hiyo kwenye mkutano mkuu ni haki yenu. Mkiwa mmeiomba kwa barua na hamkusomewa, nakala ya barua ndiyo mnayompa mbunge. Hapo ana cha kuuliza kwenye baraza la madiwani, na hakuna atakayesema ni majungu.

Jumatano na Alhamisi zilikuwa za vikao wilayani, misiba, na kupita shule zinazojengwa. Sina mengi ya kusema hapo, isipokuwa hili la msibani: mheshimiwa akija kuzika, mwacheni azike. Nimeona watu wakimvuta mkono pembeni ya kaburi kwa habari ya nguzo za umeme. Wafiwa wanaona.

Kubwa zaidi ni majira. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, lakini ifikapo wakati huo mipango ya halmashauri yenu imeshapikwa na kupakuliwa. Vijiji na kata hupanga vipaumbele mwishoni mwa mwaka, na mabaraza ya madiwani hupitisha bajeti zao Januari na Februari. Kwa hiyo ziara ya Novemba na ile ya kuelekea Januari ndizo za kuleta ombi la jengo au daraja. Ukilileta Julai, unaomba chakula sufuria zimeshaoshwa. Julai ileteni kero ya utekelezaji: fedha zilizotengwa zimefika? Mkandarasi yuko wapi?

Sasa niseme lililonichoma, na ni kosa langu mwenyewe. Siku moja gari limeshawashwa, giza linaingia, mjane mmoja alinisogelea dirishani akanipa bahasha. Mumewe alikuwa mwalimu, amefariki, mafao ya mirathi hayajatoka. Nikamwambia, "Nitalishughulikia, mama," nikaitia bahasha kwenye mfuko wa koti. Niliikuta baada ya miezi minne, koti lilipokuwa linakwenda kufuliwa. Ndani mlikuwa na nakala ya cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya mahakama ya mwanzo ya usimamizi wa mirathi, kila kitu kimekamilika. Miezi minne yule mama alikuwa akingoja simu yangu na watoto watatu ndani. Nilikwenda kwake mwenyewe kumwomba radhi. Alinikaribisha chai. Nilishindwa kuinywa.

Tangu siku hiyo sikupokea tena karatasi dirishani, na wewe usimpe mtu karatasi dirishani, hata awe mheshimiwa mwenyewe. Andika barua, toa nakala. Moja ipeleke ofisi ya mbunge, ya pili ipeleke ofisi inayohusika, ya tatu ibaki kwako ikiwa imegongwa muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Omba iandikwe kwenye rejista mbele yako. Nyaraka halisi zisitoke nyumbani, peleka nakala. Weka namba ya simu inayopatikana, na kama huna simu weka ya mtu unayemwamini. Baada ya wiki mbili piga. Baada ya mwezi nenda. Sisi makatibu hatuchukii kukumbushwa, maana anayekumbusha faili lake linakaa juu ya mengine.

Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunapakia gari kwa safari ya Dodoma. Faili la kijani lilikaa mbele, lenye barua za kuwapelekea mawaziri na maswali ya kupeleka ofisi ya Bunge, kwa kuwa swali la msingi lazima liwasilishwe mapema. Wiki ile ya maji nilitaka daftari la mama yule nalo lisafiri, mheshimiwa awe nalo mkononi. Nilimpigia kumwomba. Alikataa kwa upole kabisa. "Baba, maji yanatoka sasa," aliniambia, "lakini bado naandika."