Kabla ya kumpasua Pikachu, tumbua mgebuka

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji kutoka Tabora: "Dada shikamoo. Nafuatilia uchambuzi wako wa viumbe wa gemu, na mimi natamani kuandika hivyo. Nianzie wapi? Na ni lazima niwe nimesoma baiolojia?" Marahaba, mdogo wangu. Nilitaka kukujibu kwa mistari mitatu, ikawa makala. Basi acha na wenzako wasome, maana najua nusu yenu mna daftari la michoro mmelificha chini ya godoro.

Swali la pili kwanza: hapana. Baiolojia yangu imeanzia mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika. Mama anauza migebuka na dagaa, na tangu utotoni kazi yangu ilikuwa kupara na kutumbua. Ukishatumbua migebuka ya kutosha, kuna jambo linakuingia bila mwalimu: ndani ya mnyama hakuna nafasi ya bure. Kibofu cha hewa kimebanwa juu kabisa chini ya uti wa mgongo, ini limejipenyeza linapopata, tumbo limejaa dagaa. Kila kiungo kinamsukuma mwenzake. Kwa hiyo swali langu kwa kiumbe yeyote wa gemu ni moja tu: hicho kitu kinakaa wapi?

Niliwahi kuuliza swali hilo kwenye kibanda kimoja cha gemu, kumhusu Pikachu, yule kiumbe wa gemu za Pokémon anayerusha umeme. Kijana mmoja akanikata mbele ya watu: "Gemu tuachie wanaume, wewe nenda kapare samaki." Wakacheka sana. Sijasahau, wala sina mpango wa kusahau. Usiku ule ule nikaandika makala ya Pikachu, na mpaka leo ndiyo inayosomwa kuliko zote ukurasani kwangu. Yule kijana naye aliisambaza kwenye status yake akiisifia, hajui kaandika nani. (Kama unasoma hapa: ni mimi, mpara samaki.)

Kwa mlioikosa, ilikwenda hivi. Pikachu, ambaye yupo tangu gemu za kwanza za Pokémon za mwaka 1996 kule Japani, ana urefu wa sentimita 40 na uzito wa kilo 6, na umeme wake anautunza mashavuni. Sasa ziwa letu la Tanganyika lina kambare wa umeme wa kweli, na jamii yake huweza kutoa hadi volti 350 hivi. Yeye umeme wake hauko shavuni. Kiungo chenyewe ni misuli iliyobadilika, imemzunguka karibu mwili mzima chini ya ngozi kama koti. Kwa nini kikubwa hivyo? Kwa sababu seli moja hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya volti, kwa hiyo lazima zipangwe nyingi kwa mfululizo.

Tena kambare anaishi majini, na maji yanapitisha umeme. Pikachu anaurusha hewani. Ili cheche ivuke mita moja ya hewa zinahitajika volti milioni 3 hivi. Gawanya: ni seli milioni 30 kwenye mstari mmoja. Tuseme kila seli ina unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Mstari unafika kilomita 3. Toka stesheni ya Kigoma shika njia ya Kibirizi, na muda wote huo unatembea juu ya shavu. Hapo bado hatujamtafutia pa kuweka meno.

Wengine walinijia juu eti nimeharibu utamu. Utamu upi? Mimi Pikachu nampenda zaidi tangu nilipojua anachodaiwa. Asiyetaka kuhesabu atasema "ni nguvu za ajabu" na kwenda kulala. Ndugu zangu, hilo si jibu, ni uvivu uliovaa kanzu. Chukua Wailord, nyangumi wa Pokémon: mita 14.5, kilo 398. Nyangumi wa kweli wa urefu huo ana tani 30 hivi. Piga ujazo wa mwili ule mnene, utakuta kila mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo moja na ushee, karibu sawa na hewa tunayovuta. Huyo hawezi kuzama hata akitaka. Kibofu chake cha hewa kinakaa wapi? Yeye mzima ndiye kibofu. Nani angeligundua hilo kwa kusema "ni nguvu za ajabu"?

Tena msidhani gemu ndizo zenye vituko. Humu ziwani kuna samaki, Perissodus microlepis, anayeishi kwa kula magamba ya wenzake, na mdomo wake umepinda upande. Waliopinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa windo, waliopinda kushoto ubavu wa kulia. Mwaka 1993 mtafiti Michio Hori alionyesha kwamba pande hizo mbili hubaki karibu nusu kwa nusu, kwa sababu upande ukizidi, mawindo huanza kuulinda ubavu unaoshambuliwa sana. Nani kwenye kampuni ya gemu angethubutu kubuni hiyo? Kwa hiyo narudia: angalia mnyama wa kweli kwanza. Mshike. Mtumbue. Halafu ndiyo urudi kwenye skrini.

Na tafadhali msianze na majitu ya vilindini, kila mtu anaanza huko. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, lakini chini ya mita 200 hivi oksijeni hakuna. Jitu lako litapumua nini?

Wewe wa Tabora utasema huna ziwa. Una nyuki, mdogo wangu, na asali yenu inajulikana nchi nzima. Mchukue aliyekufa karibu na mzinga, mgeuze, hesabu: miguu sita, na mabawa manne ambayo hayakuchukua nafasi ya mguu wowote. Kisha mpasue kuku, uone bawa lake ni mkono ule ule. Ukimaliza nenda kwa Charizard, joka la Pokémon lenye kilo 90.5: mikono miwili, miguu miwili, na mabawa mawili juu yake. Nichoree bega la pili linakaa wapi, na misuli ya kupigia mabawa inashikilia mfupa gani. Nitumie mchoro hata kama ni wa kalamu ya risasi, picha ya simu inatosha.