Mechi 152 bila kufungwa: cha kuiga kwa Paola Longoria ukiingia korti ya raketiboli

Paola Longoria wa San Luis Potosí, Mexico, alishinda mechi 152 mfululizo katika ligi ya kulipwa ya wanawake ya raketiboli, mchezo wa kupiga mpira wa kudunda kwa raketi ndani ya chumba chenye kuta nne, kati ya 2011 na 2014. Kwenye Michezo ya Pan American ya Guadalajara 2011 alichukua dhahabu 3: ya mchezaji mmoja, ya wawili akiwa na Samantha Salas, na ya timu. Toronto 2015 akazichukua zote 3 tena. Wanaoanza hutazama video zake wakaondoka na jambo moja tu, nguvu za mkono. Wanakosea. Usipomwachia mpinzani mpira rahisi, hutahitaji kupiga kwa nguvu kila mara.

Mazoezi yaanze na kuanzisha, yaani pigo la kufungua kila pointi, kwani kwa hesabu iliyotumika miaka ile, anayeanzisha pekee ndiye hupata pointi. Unasimama kwenye ukanda wa mita 1.5 katikati ya korti ya mita 12.2 kwa 6.1. Dundisha mpira, uupige ukiwa usawa wa goti, ulenge ukuta wa mbele kimo cha sentimita 60 hadi 90. Mdundo wa pili unatakiwa uangukie karibu kabisa na kona ya nyuma, upande wa bekihendi ya mpinzani, yaani ule usio wa mkono wake wa raketi. Ukilenga juu zaidi, mpira unagonga ukuta wa nyuma na kumrudia akiwa ametulia. Ukilenga chini mno, unadunda kabla ya mstari wa katikati na kuhesabiwa kosa. Ukipita karibu sana na mwili wako, mpinzani hauoni, nalo ni kosa pia. Kama katika kumi unakosa zaidi ya tatu, tumia lobu kwanza, yaani pigo la juu la polepole, hakuna aibu.

Baada ya kuanzisha, rudi nyuma hadi karibu na mstari wa vipande, mita 1.5 nyuma ya ule wa katikati. Wengi hubaki mbele wakishangaa pigo lao, mpira unawapita pembeni.

Uchaguzi wa pigo una kanuni fupi. Mpinzani akiwa mbele yako, mpitishe kandokando ya ukuta. Akiwa nyuma yako, ua mpira, yaani uupige chini sana ukutani asiweze kuufikia, au gonga ukuta wa pembeni kwanza ili ufie mbele. Ukifanya kinyume unamletea mpira miguuni.

Anayetoka kwenye skwoshi ana kazi ya ziada: huku dari ni sehemu ya mchezo, na hakuna bati, ule ukanda wa chini ya ukuta wa mbele ambao kwenye skwoshi mpira ukiugusa ni kosa. Ukibanwa nyuma, piga dari, mita 1 hivi kabla ya ukuta wa mbele. Mpira utashuka, udunde juu, umsukume mpinzani hadi kona. Ukizidisha nguvu, unagonga ukuta wa nyuma na kumwandalia. Mpira ukishapata joto huruka zaidi, kwa hiyo punguza nguvu mechi inavyoendelea.

Hata Longoria alipatikana: fainali ya dunia ya 2018, San José, Costa Rica, Ana Gabriela Martínez wa Guatemala alimshinda. Ukitawala muda mrefu, kila mpinzani anakusoma, basi badilisha uanzishaji wako kabla hujazoeleka. Nje ya korti, ujue raketiboli haimo kwenye Olimpiki, na fedha za zawadi ni ndogo kuliko za tenisi. Tafuta wafadhili mapema, usingoje ubingwa.

Kwa vifaa, usibanie miwani ya kinga. Mpira una kipenyo cha sentimita 5.7 tu na huingia kwenye tundu la jicho. Kamba ya raketi ivae mkononi daima. Mpira wenyewe upime hivi: uachie kutoka sentimita 254, nao urudi kati ya 173 na 183. Ukiishia chini ya hapo, weka mwingine, kwa sababu mpira uliolegea utakudanganya kwamba mapigo yako ya chini ni mazuri.