Hema au banda mkiwa na watoto

Umeuliza kama na watoto wadogo wawili ni bora hema au banda pale msituni kando ya ziwa, mi nasema kama hamjawahi kulala nje chukueni banda usiku wa kwanza alafu hema usiku wa pili, na mbuku mapema maana mabanda huwa machache na wikendi yanaisha haraka. Uliza kabisa kama kuna shuka na blanketi, sehemu zingine unakuta kitanda na godoro basi.

Kwenye hema sasa, tafadhali msivutwe na ile sehemu nzuri karibu na maji. Baridi ya usiku inashuka inatulia huko chini, asubuhi unaamka hema limelowa kwa ndani kama limenyeshewa na watoto wanatetemeka. Pandeni juu kidogo, na kabla hujapigilia kigingi hata kimoja inua kichwa uangalie matawi, ukiona kavu linaning'inia hama hapo. Turubai la chini kunja kingo ziingie chini ya hema, zikitokeza nje mvua inateremka inakusanyika hapo hapo mlipolala, ilitupata sisi saa nane usiku, mtoto mgongoni natafuta tochi.

Maji ya ziwa hata yawe meupe vipi chemsha, yatokote dakika 1 nzima, milimani juu sana dakika 3. Vyombo osheni mbali na ziwa, kama mita 60 hivi. Na fikeni jua bado lipo jamani, kusimamisha hema gizani na watoto wana njaa ni kazi.